Waya Uliobaki Chini

Kitu cha kwanza kilichomkera Inspekta Sindano katika studio ya Mzee Sikio kilikuwa usafi.

Alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama alivyozoea kusimama kila mahali kabla hajagusa kitu. Hilo jina la Sindano mwanamke huyu alipewa na wenzake kituoni, na wenye kulitoa walidhani wanamtania. Chumba kilikuwa kidogo, hakina dirisha, kuta zimevikwa sponji nene za kumeza mwangwi, na mlango ulikuwa mzito kiasi kwamba ukishafungwa huwezi kujua kama nje kuna mvua au harusi. Upande mmoja palikuwa na meza ya ufundi iliyofungwa jiliwa dogo la chuma pembeni, lile la kubania vitu vidogo visicheze. Upande wa pili, ng'ambo ya kijia cha kupita mtu mmoja, rafu fupi ilibeba amplifaya. Nyaya zote zilikuwa zimezungushwa vizuri na kutundikwa ukutani. Bisibisi zilipangwa kwa urefu, na ndala za mzee zilikaa kando ya mlango, moja ubavuni mwa mwenzake, kama za mgeni aliyekuja kuposa.

"Fundi gani ana meza kama hii?" aliuliza.

"Fundi msafi, Afande," alijibu Koplo.

"Fundi msafi ni yule asiye na wateja. Huyu wateja walikuwa wanapanga foleni."

Na kweli walikuwa wanapanga. Hapakuwa na mwimbaji wa maana ambaye sauti yake haikupita mikononi mwa Mzee Sikio ikachanganywa, ikanyooshwa, ikapewa nafasi yake kati ya ngoma na gitaa. Sasa mikono hiyo ilikuwa juu ya shuka la hospitali, mwenyewe hajitambui. Jana asubuhi mdogo wake alimkuta amelala sakafuni karibu na rafu, kichwa kimepasuka, damu ikiwa kwenye kona ya rafu. Daktari alisema jeraha ni la kona ile, hilo halina ubishi. Lakini kama mtu alianguka au alisukumwa, jeraha halisemi.

Aliyekuwa akisemwa ni binti yake wa pekee, aliyefanya kazi naye chumba kimoja. Alikuwa rumande tangu jana. Mkuu wa kituo alitaka asomewe shtaka la kujaribu kuua alasiri hii hii, na shtaka kama hilo likishasomwa, kulifuta ni kazi zaidi kuliko kulisoma.

"Mambo yako wazi," Koplo alisema, akihesabu kwa vidole. "Juzi jioni mlinzi amesikia binti anapiga kelele mlangoni, 'Siku moja nitaukata huo waya!' Jana waya wa hedifoni ya mzee tumeukuta umekatwa. Na koleo la kukatia tumelikuta kwenye mkoba wake. Kusema alisema, kukata alikata, mzee akainuka kwa hasira, akasukumwa. Anayetaka zaidi ya hapo anataka na video."

"Mlinzi alimwona mzee baada ya binti kuondoka?"

"Hapana. Alikwenda kula. Na mlango huu ukifungwa, hata ukilia ndani hakuna anayekusikia."

Inspekta alivaa glavu, akaishusha hedifoni kutoka kwenye kulabu. Hapo aliisogeza kwenye taa, kwa sababu alikuwa hajategemea kitu kizuri vile. Vikombe vyake vilikuwa vya mbao nyeusi, vimeng'arishwa na viganja vya miaka mingi. Mito ya ngozi ilikuwa imeshonwa upya kwa mkono, mshono mdogo mdogo, sawasawa, wa mtu asiye na haraka. Utepe wa kichwani ulikuwa na ngozi ya rangi nyingine, maana yake uliwahi kuchanika ukapewa nyingine. Hakukuwa na sehemu ambayo haikuwahi kufa na kufufuliwa. Inspekta, ambaye nyumbani alisikiliza taarifa ya habari kwa redio yenye ufa, alijikuta ameishika kwa mikono miwili.

Chini ya kikombe cha kushoto kilitokeza kipande cha waya mweusi, hakizidi urefu wa kucha. Hapo ndipo ulipokatwa.

"Lete lile koleo," alisema. "Na waya wowote wa kutupa."

Koplo alikata kipande cha waya kwa koleo. Inspekta alikiweka chini ya kioo cha kukuzia, kando ya kile cha hedifoni. Koleo lilikuwa limebana waya pande mbili, likaacha kijipaa katikati, kama paa la nyumba. Kile cha kwenye hedifoni hakikuwa na paa. Kilikuwa bapa, kimelala upande, kimekatwa kwa makali ya upande mmoja tu.

"Wembe," alisema.

"Afande, wembe, koleo, si ni kukata tu?"

"Ndugu yangu, kichwa chako kikinyolewa kwa jembe utasema ni kunyoa tu?"

Kisha alichuchumaa kwenye rafu. Mwanzo wa waya uliokatwa bado ulikuwa umechomekwa kwenye amplifaya, na waya wenyewe ukiwa umezungushwa kisafi na kutundikwa kwenye msumari wa karibu. Pini yake ilikuwa imepinda. Alijaribu kuichomoa, ikakataa. Alama kwenye vumbi lililobaki chini ya mashine zilionyesha kwamba amplifaya nzima ilivutwa kuelekea mezani, kidogo, kisha ikasimama.

Alitoka, akaelekea kituoni.

*

Binti wa Mzee Sikio alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye sauti iliyokauka kwa kulia. Aliketi wima, kama vile alikuwa studio na taa nyekundu ya kurekodi imewaka.

"Mligombana juu ya nini?" Inspekta alimuuliza.

"Waya."

"Waya peke yake?"

"Afande, inaonekana wewe hukulelewa na fundi." Alipangusa pua. "Hedifoni ya baba waya wake hauchomoki. Umeingia ndani ya kikombe, umelehemiwa humo humo. Na kila mara unakatika pale pale, kwenye shingo, unapojipinda. Ukikatika lazima ufungue hedifoni nzima, uguse mpaka vitu ambavyo havina ugonjwa. Mimi namwambia, weka soketi. Waya uwe wa kuchomeka na kuchomoa. Waya ukifa, unazika waya. Huiziki na hedifoni."

"Naye anajibu nini?"

Hapo karibu atabasamu. "Anasema waya na hedifoni ni mke na mume. Kila kiungo ni mlango, na kila mlango siku moja utalegea, utaingia vumbi, utaanza kukwaruza, na utachagua kukwaruza siku mwimbaji ametoa sauti ambayo hataitoa tena. Kilicholehemiwa hakitikisiki. Nikimwambia mbona wenzako wote siku hizi wanatumia za kuchomoa, ananiambia hata talaka siku hizi ni nyingi."

Koplo alicheka, akajirudi.

"Nani ana haki?" aliuliza Inspekta, na aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

"Siku ya kwanza, yeye. Mwaka wa tano, mimi. Ndiyo maana hatumalizi. Halafu ule waya ni mrefu. Baba ni mtu wa kutembea. Amevaa hedifoni, anasimama, anakwenda kwenye rafu, anarudi, waya unainuka naye unamfuata kila anakokwenda. Mimi ni mtu wa kukaa. Unanizunguka miguuni kama paka mwenye njaa. Ungekuwa wa kuchomoka, ningekuwa na wangu mfupi. Juzi nimemwambia hivyo, akanijibu kwamba mwenye miguu mifupi asilaumu barabara. Nikakasirika, nikafungua mlango, nikasema nilichosema."

"Siku moja nitaukata."

"Nilisema. Sikatai. Ukiudhiwa na baba yako unasema."

"Koleo lilifikaje mkobani mwako?"

"Ni moja tu, tunapokezana. Nililitia mkobani mchana, nina maiki nyumbani inataka kutengenezwa. Ugomvi ulikuja jioni."

"Kwa hiyo jioni halikuwepo mezani."

"Halikuwepo."

Inspekta aliegemea mbele. "Kama kweli ungetaka kuukata ule waya, ungeukatia wapi?"

Binti alimtazama kama mtu aliyeulizwa angemchoma mtoto wake sindano mkono upi. "Kwenye pini. Mwisho kabisa. Ili hasira zikiisha niunge, waya usiwe umepungua."

"Umekatwa kwenye kikombe. Kimebaki kipande cha kucha."

Mkono wa Binti ulipanda mdomoni. "Pale? Basi aliyekata hakutaka ule waya urudi tena ndani," alisema. Kisha machozi yakaanza upya. "Baba yangu yukoje?"

"Anapumua vizuri. Hajaamka."

Nje, kwenye korido, Koplo alisema, "Analia vizuri."

"Analia kama mtu," alisema Inspekta. "Niitie Baba Mdogo wake, yule aliyemkuta mzee. Akutane nasi studio."

*

Baba Mdogo alikuwa mtunza stoo mstaafu. Suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi unaoweza kukata mkate, na kabla ya kuketi alipangusa kiti kwa leso, akaikunja leso mara nne, akairudisha mfukoni. Yeye ndiye aliyewaambia polisi wamtazame mtoto wa kaka yake vizuri, kwa kuwa binti aliyezoea kubishana na baba yake hana breki. Alisema hivyo bila chuki, kama mtu anayetoa taarifa ya bidhaa zilizoharibika.

"Mzee wangu," Inspekta alianza kwa heshima, "nani alikipanga chumba hiki?"

"Mimi."

Koplo aliyekuwa amesimama aliketi.

"Baada ya gari la wagonjwa kuondoka, kabla ninyi hamjafika," aliendelea Baba Mdogo, bila wasiwasi wowote. "Ningeacha polisi waingie kwenye uchafu ule? Wangesema ndugu yangu ni mtu wa namna gani? Sisi tumelelewa. Mama yetu alikuwa akisema mgeni akikuta vumbi, amekukuta wewe."

"Mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza nilimkuta wapi, nikasema. Mkaniuliza nani ana ugomvi naye, nikasema. Kusafisha hamkuniuliza. Na mtu hajisifu kwa kusafisha."

Inspekta alivuta pumzi ndefu. Nampa heko mwanamke huyu, maana wengine tungepiga meza. Yeye alisema kwa upole, "Basi nakuuliza sasa. Nieleze ulivyokuta kitu kimoja kimoja, na ulikokiweka."

Kumbe mzee wa stoo alikuwa hazina. Hakusahau hata punje. Chuma cha kulehemu kilikuwa kinawaka, kimeanza kuunguza meza. Alikizima, akaliziba doa kwa kitambaa. Ndala moja ilikuwa chini ya rafu, ukanda wake umechomoka. Aliurudisha, akaipeleka kwa mwenzake. Taka ndogo ndogo za mezani alizikusanya kwenye kopo la maziwa, kwa kuwa taka ya fundi haitupwi kabla fundi hajaikagua.

"Na waya?"

"Waya ulikuwa umebanwa ncha kwenye jiliwa. Nikalilegeza, nikauzungusha, nikautundika. Nilitaka kuuchomoa kabisa kwenye mashine, pini ikanishinda."

"Umebanwa kwenye jiliwa," Inspekta alirudia. "Kutoka kwenye mashine kule, mpaka mezani hapa."

"Ndiyo. Umekatiza njia. Mimi mwenyewe niliuruka."

Inspekta alilimimina kopo juu ya karatasi nyeupe. Ulitoka wembe, na kwenye makali yake chembe za mpira mweusi. Ilitoka roli tupu ya lehemu. Ikatoka soketi ndogo ya chuma, mpya, nyembamba kama ncha ya kalamu, ya kukaa ukutani mwa kikombe cha hedifoni. Koplo aliinama kuitazama, akasahau kufunga mdomo.

Kisha Inspekta aliushusha ule mzingo wa waya kwenye msumari. Baba Mdogo alikuwa ameificha ncha yake ndani ya mzingo, kama mkunja kitambaa anavyoficha pindo, na jana hakuna askari aliyeona haja ya kuifumbua. Inspekta aliivuta taratibu. Mwishoni ilining'inia pini mpya. Ndani ya waya mlikuwa na nyuzi tatu za shaba. Mbili zilikuwa zimelehemiwa kwenye pini, vitone viwili vya fedha, vidogo, mviringo, vinang'aa kama umande. Uzi wa tatu ulikuwa bado.

Aliichomeka pini hiyo kwenye soketi. Iliingia barabara, ikatoa mlio mdogo wa kukubali.

"Mungu wangu," alisema Koplo. "Alikuwa anaifanya iwe ya kuchomoa."

"Mzee mwenyewe. Lakini waya wake wa zamani hakuutupa. Alikuwa anautia pini auvae tena. Mke na mume wanabaki, ila sasa mlango una kitasa." Inspekta alitazama ukuta wenye nyaya. "Mzee wangu, katika hizi ulizotundika, kuna yoyote mpya?"

Baba Mdogo alinyoosha kidole bila kufikiri. "Ule mfupi. Ulikuwa kwenye droo umefungwa kwenye karatasi. Nikautoa, waya mahali pake ni ukutani."

Ulikuwa umesukwa vizuri, una pini kila ncha. Inspekta aliupeleka kwenye kiti cha Mzee Sikio, akaunyoosha kuelekea kwenye amplifaya. Haukufika hata nusu. Akaupeleka kwenye kiti cha pili, cha binti, kando ya mashine ya kuchanganyia sauti. Ulitoka kwenye tundu la mashine hiyo, ukapanda, ukaishia pale sikio la mtu aliyekaa linapokuwa, na hapakubaki hata kidogo cha kuzunguka miguu.

Watu wazima watatu walisimama wakiutazama waya. Baba Mdogo alitoa leso, na safari hii hakuikunja.

"Bado kuna kuanguka," alisema Koplo, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka kushindwa.

"Ndiyo. Njoo ukae hapa mezani." Inspekta alibana ncha ya waya kwenye jiliwa kama ilivyokuwa. Kati ya meza na rafu waya ulilegea, ukaning'inia usawa wa muundi wa mtu, chini ya goti. "Wewe ni fundi. Umelehemu nyuzi mbili, lehemu imekwisha. Roli nyingine iko wapi?"

Koplo alitupa macho. "Kule kwenye rafu, juu ya mashine."

"Kaichukue. Macho yako yawe kwenye roli."

Koplo aliinuka, akapiga hatua, na kama si Baba Mdogo kumdaka mkono, tungekuwa na majeruhi wa pili na kazi nyingine ya kusafisha. Waya ulikaza, amplifaya ikasogea, ikalia *kwi* juu ya rafu. Kona ilikuwa mbele ya paji lake.

"Lakini mimi ni mgeni hapa," alisema akihema. "Yeye chumba hiki alikijua gizani."

"Ndicho kilichomponza. Binti amekwambia nini? Miaka yote akisimama, waya unainuka naye, kwa sababu mwisho wake uko kichwani kwake. Hakuwahi hata siku moja kuuruka. Mguu wake haukujifunza. Juzi alisimama kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza waya ukabaki chini."

"Na binti hakuweza kuukata kabla, yeye, kwa wembe?"

"Mtu ana hasira, ana koleo mkobani, aanze kuomba wembe? Aliyetumia wembe ni yule ambaye koleo lake lilikuwa limeondoka na mwanawe. Na hata tuseme alikata binti: akasubiri baba yake aketi, atie pini, alehemu nyuzi mbili safi namna hii, ndipo amsukume?" Inspekta alilegeza jiliwa. "Binti alikuwa hajui kuna soketi. Angejua, wasingegombana. Mzee alingoja aondoke ndipo aanze, alitaka akija asubuhi akute imekwisha. Kampigie Mkuu. Mwambie hakuna shtaka la kusoma."

*

Binti alifika studio mchana huo huo, nywele hazijachanwa, anataka tu funguo zake ili akimbilie hospitali. Baba Mdogo alimsimamisha mlangoni.

"Mwanangu, nisamehe," alisema. "Niliwapa polisi mdomo wako, nikawaficha mikono ya baba yako. Sikujua, lakini nilifanya."

Binti hakuelewa mpaka Inspekta alipomwekea vitu mezani: hedifoni, soketi, ncha ya waya mrefu na pini yake inayoning'inia. Aliinua ile pini, akaielekeza kwenye taa.

"Hii ni lehemu yake," alisema. "Hakuna mwingine anayeweka tone dogo hivi likashika. Mimi nimejaribu miaka, yangu yanakuwa kama matone ya mshumaa."

Kisha Inspekta akampa ule waya mfupi. Binti hakuuliza ni wa nini. Aliketi kwenye kiti chake, akaupima mpaka sikioni, akaushusha mapajani.

"Ulikuwa kwenye droo?"

"Umekwisha kabisa," alisema Inspekta. "Kabla ya ugomvi, nadhani."

"Kwa hiyo ananibishia mpaka mate yanamruka, ananiambia nina miguu mifupi, na wangu ameshanikatia." Alicheka, na katikati ya kicheko akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Inspekta aligeuka pembeni akahesabu bisibisi.

Simu ya Koplo iliita. Alisikiliza, akasema ndiyo mara kadhaa, akaitoa sikioni.

"Ni muuguzi. Mzee ameamka. Ana maumivu, lakini anasema, na ni mkali kweli kweli."

Binti alikuwa ameshasimama. "Anasema nini?"

"Anauliza nani amezima chuma chake," Koplo alisema. "Anasema ilikuwa bado uzi mmoja."

Baba Mdogo alitazama viatu vyake. Binti alizungusha hedifoni kwenye kitambaa safi, akatia waya mfupi mkobani, kisha akaulegeza ule mrefu kwenye mashine, akiinyoosha pini iliyopinda kwa kidole gumba mpaka ikatoka.

"Mwambie nakuja," alisema. "Na ule uzi wa tatu aniachie mimi."